Safu ya Makosa

Kauntabuku ya nne, jalada jeusi, mgongo mwekundu,
niliinunua Ngara wiki ile sukari ilipopanda bei.
Nikazigawa kurasa kwa rula:
sinema, muziki, vitabu, besiboli.
Wino wa buluu kwa kilichonigusa,
mweusi kwa kilichonipita.

Mali bila daftari hupotea bila habari,
nami mali yangu ndiyo hii.
Baba alihesabu mabehewa miaka thelathini, Makongeni,
akalipwa.
Mimi nahesabu bure.

*Machi 9. Picha ya Kihindi, saa tatu na robo.
Mtu wa mbele kavaa kofia. Nyota mbili.*

*Machi 10. Ile ile, kiti kingine. Nyota nne.*

*Juni 2. Kanda ya rumba. Ilikatika,
fundi Wafubwa akaiunga kwa rangi ya kucha.*
Sasa kati ya gitaa na tarumbeta
pana pengo la pumzi moja.
Nikiusikia wimbo huo redioni, mzima,
naona kama wameuharibu.

*Julai. Riwaya ya upelelezi, shilingi thelathini, kando ya barabara,
kurasa nane za mwisho hazipo.
Nimemhukumu mpishi.*
Kama si yeye, Mungu anisamehe.

Na besiboli, kichekesho cha mtaa mzima.
Mwalimu Mjapani aliyetufundishia watoto hesabu
alirudi kwao akatuachia glavu kumi na moja
na kigongo kimoja chenye ufa.
Tunacheza uwanja wa shule, Jumamosi jioni,
Wasabato wakishakunja mahema.
Kituo cha pili ni gunia,
cha tatu ni jiwe lililokataa kung'oka.
Goti langu lilistaafu kabla yangu,
kwa hiyo mimi ni karani:
mbio, mapigo, makosa.

Ndiyo, makosa yana safu yake.
Kwenye kandanda goli huandikwa, kadi huandikwa,
aliyeteleza husahaulika taa zikiwaka.
Huku, sivyo.
Kemunto aliuangusha mpira mwepesi kama chapati
nikaandika: Kemunto, kosa, moja.
Akanijia na glavu mkononi.
"Lifute."
"Halifutwi."
"Jua lilinipiga machoni!"
"Jua halina safu."
Alininunia wiki nzima.
Jumamosi iliyofuata akadaka mitatu,
mmoja akiwa amelala chali vumbini,
akaja kuchungulia daftari:
"Lile la kwanza bado lipo?
Basi liache. Lione wenzake."

Usiku huo stima ilipotea.
Nikawasha mshumaa, nikachukua rula,
nikarudi nyuma, ukurasa baada ya ukurasa,
nikichora safu nyembamba pembeni
palipobaki nafasi.

Kitabu cha Agosti nilichokisifu harusini mwa watu:
niliishia ukurasa wa arobaini. Kosa.

Kanda ya ndugu yangu Nyongesa, niliyoiandika *imepotea*:
niliiuza Gikomba, nikanunua viatu vya kwenda usaili.
Kazi sikupata.
Kosa. Nikaongeza jingine, kwa sababu ya viatu,
vilikuwa vinabana na nikasema vinanitosha.

Picha ya Disemba, wino wa buluu, nyota tano:
nililala tangu mwanzo.
Mutheu alilia peke yake gizani,
tulipotoka nikamwambia, *hata mimi imenigusa*.
Hapo kalamu ilisita. Nta ikadondoka juu ya tarehe.
Kosa.

Nilisahau kulifunga.
Asubuhi nikamkuta mezani, chai inapoa,
kidole chake kikishuka mstari kwa mstari
kama mtu anayetafuta jina lake
kwenye orodha ya matokeo.
Sikusema kitu. Nilijitia kutafuta soksi.

Aliomba penseli, si kalamu.
Alipoondoka kwenda kazini nilisoma,
mbele ya Disemba, mwandiko mdogo ulioinama:

*Kosa moja haliachi mume.
Lakini ulikoroma.
Nyota tatu.*